Aliruka Chini ya Saa, Asitue

Kila mwaka, mwezi wa tatu, picha moja ilikuwa inatoka nyeupe.

Si ukungu, si mkono kutikisika. Nyeupe pe! Na kila mwaka ilikuwa ya sehemu ileile: kona ya ukumbi wa barafu, chini ya saa kubwa ya ukutani.

Nimebadilisha kamera tano. Nimetoka kwenye mikanda ya filamu nimeingia kwenye kadi. Nikinunua lenzi mpya najiambia, haya, mwaka huu tuone. Wapi! Picha mia nne safi, moja nyeupe.

Nilikuwa naichana au kuifuta kabla mke wangu hajaiona. Miaka ishirini na mbili, nafuta tu.

Na sababu nilikuwa naijua. Ndiyo maana nilikuwa nafuta.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha, na mji nimeubatiza upya, kwa hiyo usihangaike na ramani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja: huku ninakoishi hakuna anayekisoma. Nikiandika kwa lugha yao, nitakuwa nimeharibu kitu ambacho nimekilipia kwa jasho na damu.

Mimi ni Sudi, mtoto wa Tanga. Nina zaidi ya miaka thelathini Manitoba, Kanada, kwenye mji mdogo kando ya ziwa, ambao leo tuuite Holavik. Watu wake wengi asili yao ni Iceland. Nilimfuata mwanamke, Asdis, akanioa. Ndiyo, nimesema akanioa, mwulize yeyote anayemjua.

Kazi yangu ni picha. Harusi, watoto wa shule, ndama wa maonyesho, na kila mwezi wa tatu onyesho la barafu, pale watoto wa klabu wanapovaa viatu vyao vyenye makali chini na nguo za kumetameta, wakateleza na kuruka mbele ya mji mzima.

Onyesho lina sheria moja ambayo hata mama wa kantini ameikariri. Marufuku flashi.

Mtoto akiwa hewani, mwanga ukimpiga machoni, haoni anapotua. Wanatangaza kwenye spika mara tatu. Mpiga picha wa barafu ukisahau hilo, wewe si mpiga picha, wewe ni balaa.

Mwaka 1997 nilisahau.

*

Alikuwa anaitwa Runa. Miaka kumi na mmoja, mrefu, mdomo kama cherehani. Mtoto wa pekee wa Einar, na mama yake alishatangulia.

Einar alikuwa fundi wa barafu wa ukumbi. Yeye ndiye aliyemwaga maji yakaganda, yeye ndiye aliyeendesha ile mashine ya kulainisha, yeye ndiye aliyeziba matundu. Maana hawa watoto viatu vyao vina meno kwa mbele, na kila wakiruka wanachimba. Kwa hiyo wakati wa mapumziko fundi anaingia na ndoo ya theluji iliyochanganywa na maji, anaziba shimo moja moja, anasubiri ligande.

Einar alikuwa rafiki yangu. Mtu wa kwanza pale mjini kuniita jina langu bila kulivunja mguu.

Siku ile, kabla ya onyesho, nikawapanga watoto kwenye korido niwapige picha ya pamoja. Korido ni giza, nikachomeka flashi juu ya kamera.

Runa alikuwa anabana nywele, pini iko kwenye meno.

"Mjomba Sudi, ukinipiga nimefumba macho nakushtaki kwa baba."

"Baba yako nani anamwogopa?"

"Hakuna. Lakini mimi wananiogopa, na mimi ndiye bosi wake."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikapiga hapohapo.

Nikaenda zangu ukumbini. Flashi nikaiacha juu ya kamera. Sikuizima.

Sehemu ya kwanza sikupiga hata picha moja, nilishikwa na mama mmoja aliyetaka nimweleze bei za harusi mpaka masikio yakaniuma. Mapumziko yakaja, Einar akaingia na ndoo yake. Taa zikazimwa. Akatoka Runa peke yake, gauni jeupe, taa moja inamfuata.

Akazunguka. Akachukua kasi. Akaja upande wangu, chini ya saa.

Mnaojua sauti ya makali kwenye barafu mtanielewa. Kruuu. Kruuu. Halafu tk, meno ya mbele yanapiga, mtoto anaruka.

Nikabonyeza.

Ukumbi ukawaka weupe.

Na sekunde ileile nikasikia kishindo ambacho hakikuwa cha kutua.

*

Aliishi siku tatu. Kichwa ndicho kilichopiga.

Kwenye korido ya hospitali nilimkuta Einar ameketi, glavu za kazi bado mkononi, zinachuruzika maji. Hakuna aliyeweza kumvua.

"Niliziba shimo pale chini ya saa," akaniambia. Hakuniangalia. "Linataka dakika kumi ligande, Sudi. Mimi nililiachia nne. Nilikuwa nawahi kiti cha mbele."

"Einar..."

"Nilitaka nimwone vizuri. Nimemuua kwa kuwahi kiti."

Flashi ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa nimeichomoa gizani watu wakipiga kelele. Watu wawili watatu walisema waliona mwanga, mwingine akasema ni balbu imepasuka, yakaishia hapo. Shimo lilionekana pale barafuni, kubwa, limechimbika. Mimi kichwani nikasema, shimo hilo limechimbwa na kiatu chake wakati anaanguka. Mwanga wangu umempofusha, akakosa mguu, akachimba.

Ilikuwa nafasi yangu kusema. Mdomo niliufungua kabisa.

"Pole sana, kaka," nikasema.

Basi. Hilo tu.

Nilikuwa na miaka sita pale mjini, mke ana mimba ya miezi saba, na mtu mweusi nilikuwa peke yangu. Najua unasema hizo ni sababu. Hapana, hizo ni visingizio, na nimevihesabu vyote, havitoshi.

Wakaniuliza picha. Nikasema kamera ilifunguka kwenye vurugu, mkanda umeungua, mweupe mtupu.

Mkanda haukuungua. Niliuviringisha kwenye karatasi, nikauweka kwenye kopo la kahawa, kopo nikalitia kwenye friza chini ya samaki. Sisi wa picha mikanda tunaiweka kwenye baridi isiharibike, kwa hiyo Asdis hakuuliza. Kuusafisha sikuthubutu. Kuutupa nako nikashindwa.

*

Nilidhani Einar ataacha kazi. Hakuacha.

Ila kila onyesho, wakati wa mapumziko, alikuwa anapiga magoti kwenye barafu, anavua glavu, anapapasa kila shimo kwa kiganja kitupu mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Watu wanamsubiri, hakuna anayethubutu kumharakisha. Akimaliza anaingia chumba cha mashine, anageukia ukutani, anaziba masikio.

Tangu mwaka ule hakuangalia mtoto hata mmoja akiruka. Maonyesho ishirini na mawili uso ukutani.

Na mimi niko upande wa pili wa ukuta huohuo, nakula keki ya mji na kupiga picha.

Mwaka uliofuata ndipo ile nyeupe ya kwanza ikatoka. Flashi nilishaiuza, tena niliiuza mji wa mbali. Nikajipa moyo kwamba ni hitilafu ya mkanda.

Kisha ikaja sauti.

Nilikuwa naenda ukumbini mchana mapema, kabla ya watu, kupima mwanga. Ukumbi mtupu, taa nusu, barafu imelala haijaguswa.

Kruuu.

Nageuka. Hakuna mtu.

Kruuu. Tk.

Halafu kimya.

Nasubiri kishindo cha kutua, hakiji. Nasimama pale na kipima mwanga mkononi, kwapa limelowa kwenye baridi ile, nasubiri. Huyo aliyeruka yuko wapi? Mbona hatui?

Kila mwaka. Anaruka, hatui. Halafu nikipiga picha chini ya saa, nyeupe.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi?

*

Tuje 2019.

Einar alikuwa amekwisha. Mapafu. Madaktari walishamwambia asitegemee kuyaona majira ya joto, lakini akasema barafu ya mwaka ule ataimaliza yeye. Alikuwa anakohoa mpaka mashine inasimama.

Maonyesho yalikuwa mawili, Jumamosi mchana na Jumapili mchana. Mwenye kuteleza peke yake mwaka ule alikuwa kabinti kanaitwa Katrin, miaka minane, meno mawili ya mbele hayapo.

"We mzee wa picha," akaniambia Jumamosi, mikono kiunoni. "Nipige nikiwa juu. Nikiwa chini nitakuwa nimecheka, na pengo litaonekana."

"Pengo ndilo zuri."

"Zuri kwako, unalo kichwani."

Nikashika upara wangu. Yule mtoto angeishi na Runa chumba kimoja nyumba ingeungua.

Akaruka chini ya saa, akatua vizuri, mji mzima ukapiga makofi. Watu walipotoka, nikaangalia nyuma ya kamera.

Nyeupe.

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta. Ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Einar. Ametoka chumba cha mashine baada ya watu kutoka, ameshikilia ukuta. Alikuwa ameiona ile picha nyeupe.

"Sudi."

"Naam, kaka."

"Ule mkanda wa Runa. Wa siku ile."

Nikaizima kamera.

"Uliungua," nikasema. Uongo ukishazoea mdomo, unatoka wenyewe.

"Najua uliungua, ulishaniambia. Nipe hivyohivyo. Kama ni mweupe, nipe mweupe." Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Mwanga ulioingia mle ndani ulimgusa mwanangu kwanza. Nataka nizikwe nao."

"Nitakuletea, kaka," nikasema.

"Usiponipata kesho, utanikuta wiki ijayo," akasema. "Zaidi ya hapo sikuahidi."

Akarudi ndani, anajikokota. Nikajua kwamba yule mtu anakwenda kaburini akiamini amemuua mtoto wake, na mtu pekee wa kumzuia ni mimi.

*

Asdis alinikuta jikoni, friza liko wazi, samaki wako sakafuni, nimekaa katikati yao na kopo la kahawa mapajani.

"Umechanganyikiwa au una njaa?"

Nikamwambia. Yote, tangu korido mpaka picha nyeupe ya siku ile.

Asdis si mtu wa kulia. Alisimama tu, ameshika mlango wa friza, baridi inamwagika miguuni kwake.

"Miaka ishirini na mbili," akasema, "nimekuwa nikitoa samaki juu ya yule mtoto."

Nikalishika kopo kwa mikono miwili.

"Kesho asubuhi unakwenda kwa Einar. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi."

"Watatufukuza mji."

"Mimi wa kunifukuza bado hajazaliwa. Wewe watakufukuza, na ni haki yao."

Akaokota samaki mmoja mmoja, akamrudisha mahali pake. Usiku ule alilala chumba cha watoto.

*

Jumapili asubuhi Einar alikuwa kwenye barafu, magotini, anapapasa. Nikaingia na viatu vyangu vya barabarani, kitu ambacho mtu wa pale hafanyi. Akainua kichwa kunikaripia, akaona uso wangu, akaketi juu ya visigino vyake.

"Mkanda haukuungua," nikamwambia.

Akasubiri.

"Nilisahau kuzima flashi. Ule mwanga ulikuwa wangu, Einar. Ulimpiga machoni akiwa anaruka. Si shimo. Haikuwa shimo lako hata siku moja. Ni mimi."

Friji ya kantini ilikuwa inanguruma.

Nilitegemea ngumi. Wallahi niliitaka ile ngumi.

Einar aliangalia viganja vyake, vyekundu, vimepasuka. Akavigeuza huku, akavigeuza kule.

"Si barafu yangu?" akauliza. Kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza kama kweli shule imefungwa.

"Si barafu yako."

Akainama mpaka paji la uso likagusa barafu.  Alilia yule mzee, alilia kilio ambacho kilikuwa kimekaa tumboni tangu korido ya hospitali. Nikataka kumshika. Akanisukuma mkono.

"Ulinikuta na glavu mkononi," akasema. "Ulinikuta, ukasema pole."

"Ndiyo."

"Ulikula mezani kwangu. Kila Krismasi ulikula mezani kwangu."

"Ndiyo, Einar."

"Toka kwenye barafu yangu."

Nikatoka.

Kabla ya saa sita mji mzima ulikuwa unajua. Einar aliingia kantini, akasimama mbele ya kahawa na keki za matabaka, akawaambia watu, "Haikuwa barafu. Ilikuwa taa ya Sudi." Mwenyekiti wa klabu akanipigia simu. Hakupaza sauti. Akasema kamera yangu isionekane pale mchana ule wala mchana mwingine wowote, na shule nayo itatafuta mtu mwingine.

Nilipokuwa napakia vifaa kwenye gari, mwanamke mmoja ambaye nilimpiga picha za harusi, na za watoto wake wote wanne, alipita akatema mate karibu na gurudumu langu.

"Muuaji," akasema. Wala hakusimama.

*

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimemwahidi Einar mkanda, basi nikashuka chumba cha chini nikausafisha. Dawa, maji, dawa, maji. Mikono ilikumbuka kazi yenyewe, maana mimi akili sikuwa nayo.

Picha zilikuwa mbili tu. Mkanda ulikuwa mpya siku ile.

Ya kwanza, korido. Watoto wanacheka, na Runa katikati, pini kwenye meno, macho wazi kabisa.

Ya pili nikaichukua kwa ncha za vidole. Nikaiweka juu ya meza ya taa, nikashika kioo cha kukuzia, nikainama.

Nikaangalia.

Nikaangalia tena.

Jamani.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho mimi, mpiga picha, kazi yangu hiyohiyo, sikuwahi kukifikiria kwa miaka ishirini na mbili kwa sababu ya woga. Flashi na picha ni pacha. Kamera inapofumbua jicho, mwanga unawaka, papo hapo. Kwa hiyo kilichomo kwenye picha ni mambo yalivyokuwa mwanga ulipowaka, kabla haujaweza kumfanya mtu chochote.

Na kwenye picha Runa alikuwa ameshaanguka.

Hajafika chini. Lakini ameshakwenda. Meno ya kiatu chake yamezama kwenye shimo, na lile shimo linarusha tope, unaliona kabisa, tope la theluji ambalo halijaganda. Goti limeshakunjika kwa mbele. Mikono imeshatangulia. Mdomo uko wazi, na macho yanaangalia chini kwenye mguu. Hayakuangalia kwangu.

Mwanga wangu ulimkuta safarini.

Haikuwa flashi. Ilikuwa zile dakika nne.

Nilikaa chini sakafuni. Kwanza nilicheka, sijui kwa nini. Halafu nikafikiria yule mwanamke na mate yake. Nikafikiria shule, mwenyekiti, mke wangu kwenye chumba cha watoto. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nimeteswa na kitu ambacho sikukifanya! Na ushahidi huu hapa, bado unachuruzika maji!

Nikaikata ile negativu, kipande cha mkanda chenye ile picha ya pili, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda gari. Sikufunga hata mlango wa nyumba.

*

Onyesho lilikuwa limefika nusu ya pili. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama nyuma ya kioo kinachozunguka barafu. Nilikuwa nakwenda chumba cha mashine. Nilishajua nitakachosema. "Angalia mwenyewe, Einar." Maneno matatu tu.

Chumba cha mashine kilikuwa kitupu.

Nikatupa macho huku na huku, nikamwona. Alikuwa kwenye viti. Mstari wa mbele kabisa. Amevaa koti lake la kanisani, kisahani cha keki kiko gotini, na mama wa kantini amemfunika blanketi miguuni. Anaangalia watoto. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili aliangalia ukuta, ameketi mstari wa mbele anaangalia watoto wanaruka, anapiga makofi kwa vile viganja vilivyopasuka.

Bahasha ilikuwa mkononi mwangu.

Hatua kumi na tano kati yetu. Nilizihesabu. Ningezitembea, ningekuwa mtu safi kabla jua halijazama, na yeye angerudi ukutani akafie huko.

Taa zikazimwa. Katrin akatoka, pengo na yote, anacheka mdomo wazi bila aibu. Akazunguka. Akachukua kasi. Akaja chini ya saa.

Kruuu. Kruuu. Tk.

Akatua. Tap. Safi kabisa.

Na kabla makofi hayajaanza, hapohapo chini ya saa, ambapo Katrin alishapita, nikasikia ya pili.

Tap.

Makali yakilamba barafu, yakaendelea mbele, kruuuu, laini, mpaka yakapotea.

 Nikaangalia watu, hakuna aliyegeuka, wote wanamshangilia Katrin. Isipokuwa Einar. Einar alikuwa ameacha kupiga makofi. Alikuwa anaangalia ile kona tupu, mkono kifuani, na machozi yanamtiririka, na anatabasamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilidhani Runa ananiandama mimi. Kumbe mimi sikuwa chochote kwake. Alikuwa anamtafutia baba yake nafuu, na njia ya kumfikia ilikuwa ni mimi, mwenye mkanda.

Bahasha nikairudisha mfukoni. Nikatoka kwa mlango nilioingilia.

*

Einar aliniita mwezi wa tano. Alikuwa kitandani kwake, dirisha linaangalia ziwa, barafu ya ziwani nayo inakatika vipande.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kahawa sikupi."

"Sawa, kaka."

"Picha zilitoka?"

Nikampa ya korido. Nilikuwa nimeikuza. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ile pini ya menoni.

"Alikuwa anasema nini hapa?"

"Alikuwa anasema yeye ndiye bosi wako."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamwinua kichwa.

"Na ya pili?" akauliza. "Ile ya mwisho?"

Nilimwangalia machoni. Maneno yalikuwa yaleyale niliyomwambia mwaka 1997. Mara ya kwanza niliyasema kwa ajili yangu.

"Iliungua, kaka. Nyeupe tupu."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, picha ya korido kifuani. Alizikwa nayo wiki mbili baadaye. Nilisimama nje ya uzio wa makaburi, ndani sikukaribishwa.

Mpaka leo Holavik mimi ndiye mtu wa taa. Wapo wanaovuka barabara wakiniona. Asdis tu ndiye anayejua, nilimwonyesha ile negativu siku ileile ya onyesho. Aliiangalia, akanirudishia, akaenda jikoni akanipakulia chakula. Usiku akarudi chumbani kwetu. Hatujaizungumzia tena.

Iko kwenye friza, ndani ya kopo lilelile, chini ya samaki.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeubeba wa Einar miaka sasa, na nawaambia si usufi. Una uzito wake, na kuna asubuhi unanishinda. Lakini nilimwona mwenye mzigo ameketi mstari wa mbele, mikono yake haina kitu isipokuwa keki.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna neno lako moja linaloweza kumtua mtu mzigo, lipeleke leo. Usingoje miaka ishirini na mbili kama mimi. Na ukishalipeleka, halafu ukagundua kwamba wewe hukuwa na kosa, jiulize kwanza ukweli huo unamfaa nani.

Kamera bado ninazo. Mwezi wa tatu nikipita nje ya ule ukumbi, husimama kidogo kwenye maegesho, dirisha la gari nimelishusha.

Wanaruka, wanatua.